Msalaba Ulioligeuzia Ziwa Mgongo

Risala ya wakazi wa Mtaa wa Mwalo wa Zamani, Mwanza, iliyosomwa mbele ya Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya siku ya kukamilisha ukuta wa ufukwe wa bustani

Mgeni rasmi,

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, aliyeitandika nchi kavu ikawa makao na akayalaza maji mahali pake, kisha akaweka baina ya hayo mawili mpaka usiovukwa ila kwa idhini yake. Tunamshukuru kwa uzima wa asubuhi hii. Tunamwomba aulainishe ulimi wetu na ayafungue masikio ya watakaotusikiliza. Na kwa kuwa wazee waliotulea hawakulianza jambo zito bila beti, nasi tunaanza hivi:

Bismillahi tunaanza,
Ewe Mola wa kutunza
Ziwa na mji wa Mwanza
Na waliomo majini.

Tupe ulimi wa haki,
Usemao bila chuki,
Usiojaa hamaki,
Kwa mgeni wa thamani.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, tunakutambua wewe kwanza, pamoja na Kamati ya Ulinzi na Usalama uliyofuatana nayo. Tunamtambua Mheshimiwa Diwani na Mwenyekiti wetu wa Mtaa. Tunawatambua Paroko na Imamu, ambao leo wameketi benchi moja kwa hiari yao wenyewe. Tunawatambua wazee wa mtaa, akina mama wa vikundi, walimu na wanafunzi waliokuimbia langoni, na mafundi wa ukuta, ambao wameweka miiko yao chini ili watusikilize. Lipo kundi moja la mwisho. Halikupewa kadi wala halina kiti. Tutalitambua tutakapofika mahali pake.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu katika bustani yetu. Wakazi wa mtaa huu ni Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya na Wajaluo, na watoto wa wafanyabiashara walioingia zamani kwa njia ya Tabora wakaoa hapa na kuzikwa hapa. Wengine tunasali Ijumaa, wengine Jumapili, na wako wanaosali pale tu ziwa linapochafuka. Kwenye harusi na msiba hatuulizani. Tumeona tulitaje hili mapema, kwa kuwa jambo tunalokuja kukuomba lilitokana na kuheshimiana, wala si ugomvi.

HISTORIA YA BUSTANI

Hapa ulipokaa palikuwa mwalo wa kushushia samaki. Maji yalipopanda, miaka ambayo wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, mwalo ukahamishiwa kwingine, pakabaki uwanja wa mawe na miiba. Akina mama walianza kwa kupanda mchaichai ili harufu ya samaki itoke. Wanaume wakafuata na miti ya kivuli. Halmashauri ikaleta mabenchi. Hivyo uwanja ukawa bustani, nayo bustani ikachukua jina la mwalo.

Msalaba ni mkubwa kuliko bustani kwa umri. Ulisimama kwenye ncha ya mawe upande wa Kigongo, ukiwa umechongwa katika jiwe moja, mikono yake mifupi, urefu wake kama wa mtu aliyenyoosha mkono kumwita mwenzake. Aliyeuchonga hatumjui. Wako wasemao ulichongwa na mapadri wa kwanza waliovuka ziwa kwa mitumbwi. Wako wasemao mapadri waliukuta, wakapiga magoti na kuuliza ni wa nani, pasiwe na wa kuwajibu. Sisi tunayo masimulizi tu, na tunayasema kama masimulizi. Tunachokijua kwa macho ni kwamba upande mmoja wa jiwe lile ni mkwaruzo mtupu, kama lilivyotoka mlimani, na upande wa pili umelainika kwa viganja vya watu. Huo ulio laini ndio uso wake. Kule Kigongo uso ule ulitazama maji.

Ncha ile ilipotakiwa kwa kazi ya barabara, watu wa pande zote walikubaliana msalaba uletwe kwenye bustani hii ili usipotee. Ukapakiwa kwenye lori. Dereva alikuwa kijana wa huku huku, Ngosha, ambaye leo yupo nasi na yuko tayari kuulizwa. Anasema walisimama Usagara, pale njia panda, wanywe chai. Kilikuwa kiangazi na jua lilikuwa kali. Mama muuza chai akamwambia:

"Wewe kijana, sogeza lori lako, linaninyeshea wateja."

"Mayu, mama yangu, sijabeba maji. Nimebeba jiwe."

"Basi jiwe lako linatoka jasho."

"Jasho la nini, na nimelibeba mimi?"

Watu wakacheka. Ngosha akazunguka nyuma ya lori kutazama. Maji yalikuwa yanadondoka toka kwenye mbao, polepole, na pale chini palikuwa pamekwisha kuota kidimbwi chenye harufu ya ziwa. Alipanda, akagusa jiwe. Lilikuwa kavu na la moto. Hakumaliza chai yake.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mafanikio tunayo na hatutaki kuyaficha. Bustani ina maji ya bomba, vyoo safi na taa. Maharusi wa mji mzima wanakuja kupiga picha hapa. Swala ya Idi inasaliwa hapa, na Njia ya Msalaba inaanzia hapa hapa. Vijana wana kitalu cha miche. Wizi umepungua sana tangu msalaba ufike, na baadaye tutaeleza kwa nini watu hawapendi kupita bustanini peke yao. Ukuta wa ufukwe umekamilika pande zote isipokuwa pengo moja, lililo nyuma ya msalaba, ambalo matofali yake umeyaona yamepangwa, na ambalo ratiba inasema utaliziba leo kwa mkono wako.

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, tunakuomba uvumilivu, maana changamoto yetu haiwezi kusemwa kwa sentensi moja.

Siku ya kuusimamisha msalaba, zege lilikuwa limekwisha kuchanganywa na fundi Paulo wa Nyakato alikuwa ameshika mwiko. Gladness, kiongozi wa akina mama wa jumuiya, akamgeukia Mzee Khalidi, mwangalizi wa msikiti uliopakana na bustani. "Shemeji, nyie ndio majirani. Chagueni nyie utazame wapi, msije mkasema tumewawekea kitu kibaya dirishani."

"Msalaba ni wenu, shemeji. Sisi ni nani wa kuuchagulia?"

"Leo tumewapa nyie."

Mzee Khalidi akafikiri, kwa nia njema kabisa. Akasema: "Basi utazame watu. Huyu ni mgeni amekuja kukaa kwetu. Mgeni gani huyo atakaa barazani akawapa wenyeji mgongo?"

Wote waliona ni neno la adabu. Wakristo wakafurahi kwamba Waislamu wameuita msalaba mgeni wao, na Waislamu wakafurahi kwamba wamepewa heshima ya kuchagua. Paulo akausimamisha ukitazama barabara. Mgongo, ule upande wa mkwaruzo, ukaelekea ziwani. Hakuulizwa mtu wa Kigongo.

Mtu wa Kigongo tuliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, Dorotea, mjane anayekaa nyumba ya mwisho kabla ya maji, kwenye kona ya bustani. Siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amekaa mwaloni kwa siku kadhaa akimngoja mwanawe wa pekee, Alexander, fundi wa injini za mitumbwi, aliyeondoka na wavuvi kujaribu injini mpya. Mtumbwi ulirudi ukivutwa na wenzao. Wavuvi walipatikana, mmoja hai na mmoja maiti. Alexander hakupatikana. Dorotea alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, akaukuta msalaba wa kwao umesimama mbele ya mlango wake, umegeuka.

Kule kwao mtu akichukuliwa na ziwa, na ziwa likakataa kumrudisha, mama yake huchukua sahani ambayo mwanawe alikuwa akilia chakula, akaiweka chini ya msalaba upande wa uso, kisha akakiweka kiganja chake kwenye jiwe na kumwita mwanawe jina. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Sahani hukaa hadi matanga yaishe. Dorotea akaichukua sahani ya Alexander, ya bati, yenye maua mekundu, akaenda bustanini. Alisimama sana. Uso wa msalaba ulikuwa upande wa barabara, penye maharusi na wapiga picha. Mwishowe akaiweka hapo hapo, miguuni pa watu, akaita jina kwa sauti ndogo. Bwana mmoja aliyevaa suti akapita na bibi harusi wake, akatumbukiza sarafu ndani ya sahani, akamwambia, "Pole mama, Mungu atakusaidia."

Dorotea akaitoa sarafu, akaiweka juu ya benchi. Akaichukua sahani yake, akarudi nayo nyumbani.

Sasa tunalifikia lile kundi la mwisho.

Kwanza ilikuwa msikitini. Watu walipokuja kuswali alfajiri walikuta safu ya nyuma imelowa, mahali pa upana wa mtu mmoja, na pembeni vipande vya magugu maji. Paa halivuji, na mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu. Imamu akaamuru mkeka uanikwe. Ukaanikwa, ukakauka, na baada ya siku chache ukalowa tena, safari hii mahali pawili. Mheshimiwa, sisi hatusemi ni nini. Elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na anayedai kuijua amejidhulumu nafsi yake. Tunasema tu kwamba mkeka ulikuwa umelowa, na kwamba waliokuwa wakisali safu ya nyuma sasa wanabanana safu za mbele.

Kisha nyayo. Mchanga wa ziwani ni mzito na una magamba ya konokono, haufanani na vumbi la mtaani. Nyayo za mchanga huo zilianza kuonekana asubuhi zikitokea kwenye lile pengo la ukuta. Zilipita mgongoni mwa msalaba, zikauzunguka, zikatoka kwa lango la barabara. Zilikuwa za miguu mitupu. Nyingine zilikuwa za wanawake, na nyingine ndogo. Ziliingia kwenye vibaraza vya watu ambao hawajapoteza mtu ziwani, zikasimama hapo, kisha zikaondoka. Hapana mlango uliogongwa. Watoto wadogo walianza kutoa shikamoo getini kabla hatujaona mtu yeyote, na walipoulizwa wanamwamkia nani walisema, "Babu yule aliyelowa."

Sihaba, jirani wa Dorotea, anayekaanga maandazi kibarazani kwake, alitoka siku moja akakuta nyayo zimezunguka jiko lake. Yeye ni mtu wa mzaha, na mzaha ndiyo silaha yake. Akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Nani huyu anakuja kwangu na matope bila hodi? Kama ni mposaji ajitokeze, alete mahari, asijifiche! Mimi nimeshakaa ujane wa kutosha!"

Watu wakacheka. Dorotea alikuwa akipita na ndoo. Akaitua, akainama. Kati ya nyayo zile ulikuwapo mguu mmoja mzima, na kando yake, badala ya mguu wa pili, mstari mrefu, kama wa mtu anayeburuta.

"Mama Aleki, kulikoni?"

"Usifagie," akasema Dorotea. "Sihaba, nakuomba, hapo usifagie."

Alexander aliumia mguu wa kulia kwa pikipiki, Nyakato, miaka mingi iliyopita. Mtaa mzima ulikuwa ukimtambua kwa mburuto wake kabla hajafika. Sihaba aliutazama mstari, akautazama uso wa mwenzake, mzaha ukamwisha mdomoni.

Kesho yake, baada ya adhana ya alfajiri, wanawake hawa wawili walikaa kwenye kizingiti cha Dorotea. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na mawe ya ziwani hayakuonekana. Dorotea alikuwa amefagia uwanja wake vizuri, mistari ya ufagio imenyooka. Sihaba alishika tasbihi. Mbwa wa jirani, aliyekuwa amelala katikati ya njia, aliamka, akasogea pembeni kama anayempisha mtu, akalala tena.

Wakausikia. Hatua moja, kisha mburuto. Hatua, mburuto. Ulitokea upande wa pengo. Sihaba akafumba macho, akasoma aya anazozijua, na alipofika mwisho akazianza upya. Dorotea hakufumba. Sihaba anasema alimsikia mwenzake akiita, kwa ile sauti ya kumwita mtoto aje kula, "Aleki! Aleki, mwanangu, ni hapa." Mburuto haukusita. Ulipita mbele yao, karibu kiasi cha mtu kunyoosha mkono, ukaenda.

Sihaba alipofumbua macho, juu ya mistari ya ufagio palikuwa na mguu mmoja na mburuto, mbichi, maji yakiwa bado yanazama mchangani. Haukuelekea mlangoni. Ulielekea kwenye msalaba, ukapita, ukashika barabara.

"Umemwona?" akauliza Sihaba.

"Nimeona mchanga ukilowa."

"Mbona hakusimama? Ulimwita."

"Hanisikii. Anafuata." Dorotea akaonyesha kwa kidevu. "Wewe ukitoka gizani ukamwona mtu anakutazama, unasimama, unamsalimu, unajua umefika. Ukiona mgongo unadhani mwenye mgongo anaondoka, na anaijua njia. Unamfuata. Kule kwetu walikuwa wanaona uso. Hapa tumewapa mgongo, Sihaba. Wanadhani tunawaongoza mahali."

"Wanaongozwa wapi?"

"Sijui. Barabara inaenda wapi?"

Mgeni rasmi, tangu siku hiyo tumejaribu kuijua barabara inaenda wapi. Mburuto ule ulionekana sokoni. Ukaonekana tena mbele zaidi. Juma lililopita fundi Paulo aliukuta Nyakato, kwenye uwanja wake wa kufyatulia matofali, umepita juu ya matofali mabichi yaliyokuwa yanaanikwa, yote yamekauka na alama yake. Jana Ngosha alipita Usagara. Mama muuza chai hamjui Alexander wala hajamsikia. Alimlalamikia kwamba kuna mlevi anayeburuta mguu mbele ya kibanda chake alfajiri na kumwachia matope. Kutoka Usagara njia zinagawanyika. Kila anavyokwenda mbele ndivyo anavyofika mahali pasipo na mtu wa kumtambua kwa mguu wake, wala wa kumwita jina. Na lile pengo likizibwa leo, njia ya nyuma yake itakuwa imefungwa.

Hiyo ndiyo changamoto yetu. Zipo nyingine, kama vile mbu na uchache wa mapipa ya taka, lakini hizo zinaweza kungoja.

MAOMBI

Mheshimiwa, umekwisha kumwona Dorotea. Ni yule mama aliyekaa ndani ya pengo la ukuta juu ya kigoda, amepakata sahani. Vijana wa ulinzi walimwomba asogee, akawasalimu vizuri akabaki. Tunakuomba usimhesabie utovu wa nidhamu. Ameambiwa na Paroko kwamba mwanawe yuko mikononi mwa Mungu, na anaamini. Ameambiwa na Imamu hivyo hivyo, na anaamini. Aliwajibu wote wawili jibu moja: "Najua yuko mikononi mwa Mungu, baba. Naomba tu apite nyumbani kwanza."

Ombi la kwanza ni kwamba msalaba ugeuzwe, uso wake ulitazame ziwa. Wakristo wa mtaa wameliomba, na Waislamu wa mtaa wameliomba pamoja nao. Mzee Khalidi ndiye aliyeshika kalamu ya ombi hili, akisema adabu aliyoichagua ilikuwa njema, ila ilielekezwa kwa wasio wahitaji. Kazi yenyewe ni ndogo. Fundi Paulo amekwisha kulikata zege pande zote kwa patasi, na jiwe linasimama kwa uzito wake tu. Tulipomuuliza atasema nini akiulizwa na wakubwa, alijibu, "Nitasema ni mchwa."

"Mchwa gani anakula zege, Paulo?"

"Mchwa wa Mwanza hawachagui."

Alituomba tusimtaje jina. Tumemtaja kwa sababu ni mtu mwema, na kwa sababu tunajua wewe pia ni mtu mwema. Mitaimbo ipo chini ya meza uliyoegemea. Kamba zipo. Mabega yapo, ya dini zote. Kinachokosekana ni neno lako, kwa kuwa bustani ni ya umma na sisi si watu wa kuvunja sheria mbele ya mgeni.

Ombi la pili ni kwamba pengo lisizibwe. Libaki wazi, upana wa jeneza na watu wanaolibeba. Tutaliwekea lango, tutalitunza, na ufunguo utakaa kwa Dorotea muda wote wa uhai wake.

Ombi la tatu linatutia haya, kwa kuwa itifaki haina mahali pake.

Mgeni rasmi, sisi tumejifunza kuondoka bustanini kinyumenyume. Tunatoka nyuso zikitazama maji, hatua kwa hatua, mpaka tuvuke lango, ndipo tunageuka. Hata maharusi tunawafundisha, na wengi wanadhani ni mtindo wa picha. Tunafanya hivyo kwa sababu hatujui nani amesimama hapa wakati tunaondoka, akitafuta mgongo wa kuufuata. Leo mgongo mkubwa kuliko yote utakaotoka katika bustani hii ni wa kwako. Una magari, una king'ora, una watu wengi nyuma yako, na unaelekea kule kule unakotazama msalaba. Asubuhi hii, kabla maturubai hayajafungwa, viti vya safu ya tatu vilikuwa vimelowa vyote. Vijana wa mapambo walivifuta. Ukigeuza shingo utaona kwamba hakuna aliyekaa safu ile, ingawa watu wengine wamesimama juani.

Tunakuomba utoke pamoja nasi, uso ukitazama ziwa. Tutakushika kiwiko usijikwae. Haitachukua muda.

Usipokubali, hatutakulaumu. Wewe una kazi nyingi na wilaya ni kubwa. Hatutapiga kelele, hatutaandamana, wala hatutamwambia mwandishi wa habari. Dorotea atainuka akiamriwa, kwa kuwa alilelewa kutii. Tunakushauri jambo moja tu, kama ndugu anavyomshauri ndugu. Utakapofika nyumbani leo, waambie watandike mkeka wa akiba karibu na mlango. Na kwa kuwa huenda msafara wako ukampita njiani, alfajiri ukisikia hatua na mburuto, usiogope wala usiwashe taa. Toka nje, simama ukimtazama, umwite kwa jina lake. Anaitwa Alexander. Mwambie mama yake yuko Mwalo wa Zamani, na chakula kipo. Yaelekea atakusikia wewe, maana utakuwa wa kwanza, kati ya aliowafuata, kumgeuzia uso tangu aondoke.

HITIMISHO

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, tumefika mwisho. Kama tumezidisha neno, ni kwa sababu ya uchungu. Kama tumepunguza, ni kwa sababu ya heshima. Mitaimbo tutaishika utakaposema, na ukinyamaza tutaendelea kuketi.

Mola Mlezi wa nchi kavu na maji akuhifadhi safarini, mbele yako na nyuma yako. Awarehemu waliotangulia, waliozikwa udongoni na wasioonekana kaburi lao. Na waliobaki, ewe Mola, ndio tunaokuomba zaidi kwa ajili yao: mama aliye pengoni, jirani anayemshika mkono, wanaofagia asubuhi bila kujua watakuta nini, wanaobanana safu za mbele, na watoto wanaotoa shikamoo kwa wasiowaona. Wape waliobaki utulivu wa kungoja. Wape nyuso zisizogeuka. Usiwachoshe kuita, wala usiwaache wakaitwa na wasiitike. Amina.

Ni sisi,
Wakazi wa Mtaa wa Mwalo wa Zamani,
Mwanza.